Mhariri, kilomita mbili za mlimani sio kilomita mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, nitajitahidi nisiwachoshe japo nikianza habari za milima huwa sijui kuacha. Ni kuhusu ile makala yenu ya wikendi ya kupanda milima midogo yenye njia fupi na kali, ile mliyosema mtu yeyote anaweza, asubuhi unapanda mchana ushapumzika, eti "ni kilomita mbili tu". Makala ilikuwa nzuri, na mimi ni wa kwanza kuwaambia watu watoke waende wakaone dunia kutoka juu, ila hapo kwenye kilomita mbili tu ndo nataka tuongee, maana mtu akishasoma hivyo anabeba kachupa kamoja ka maji, anavaa raba zilizoisha soli, anachukua na watoto, anaondoka saa nane mchana.

Kilomita zinapima umbali basi. Kwenye njia kali umbali sio tatizo kabisa, kinachokula nguvu ni mita unazoinuka kwenda juu, na hizo kwenye makala yenu hazikuwepo, nimezitafuta mpaka kwenye maelezo ya chini ya picha sikuziona. Hebu tupige hesabu kidogo, ile ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni tukauliza itatusaidia nini maishani. Ramani inakwambia njia ni kilomita 2 na mlima unapanda mita 600. Ukikokotoa urefu wa ule mteremko wenyewe unapata kama mita 2,088, yaani mwinuko wote ule umeongeza mita 88 tu kwenye urefu wa njia! Ndo maana namba ya kilomita haisemi kitu, inameza ukali wote wa mlima na haibadiliki usoni. Sasa zile mita 600 ukizigawa kwa ghorofa za kawaida za mita 3 unapata ghorofa 200. Nani ataandika gazetini "ghorofa 200 tu, njooni na familia"?

Na sio kwamba nakuza mambo. Kule Kanada, North Vancouver, kuna njia inaitwa Grouse Grind, ina kama kilomita 2.5 na inapanda karibu mita 800. Burj Khalifa ya Dubai, jengo refu kuliko yote duniani, lina mita 828. Kwahiyo anayemaliza ile njia amepanda karibu Burj Khalifa nzima, tena bila lifti, juu ya mizizi na mawe, halafu jioni anaulizwa umetembea kilomita ngapi anasema mbili na nusu, watu wanacheka. Marekani nao wana Manitou Incline kule Colorado, zamani ilikuwa njia ya reli ya kuvuta watu mlimani, ngazi zake zinazidi 2,700 na zinakupandisha kama mita 600 ndani ya kilomita moja na nusu, haifiki hata. Hiyo ndo familia ya njia ninazozizungumzia, fupi lakini hazina huruma, na sehemu nyingi duniani utazikuta, maana kila penye kilima chenye mandhari lazima kuna njia moja watu waliyoikata wima kwenda juu kwa haraka zao.

Sasa mtu atauliza, kama kilomita hazifai tupime na nini. Jibu lipo siku nyingi. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, alitoa kanuni rahisi ambayo watu wanaitumia mpaka leo, na ukiigeuza kwenda vipimo vyetu inakuwa hivi: kila kilomita 5 hesabu saa moja, halafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine nzima. Basi. Hiyo njia ya kilomita 2 kwenye tambarare ni dakika 24, mtu anaenda anaongea na simu, lakini weka mita 600 za kupanda inakuwa saa 1 na dakika 24. Na hiyo ni kwa mtu ambaye mwili uko vizuri, hasimami, hapigi picha, hamsubiri shemeji yake aliyeachwa nyuma kwenye kona. Mimi nikiwa na watu wasiozoea naongeza nusu ya ile hesabu, na mara nyingi hata hiyo nusu inaliwa yote.

Halafu watu wanadhani wakifika juu kazi imeisha, kushuka ni kuteleza tu unajikuta chini. Baadaye alikuja Eric Langmuir akairekebisha ile kanuni upande wa kushuka, na hapa ndo penye utamu: mteremko wa polepole unapunguza dakika 10 kwa kila mita 300 unazoshuka, lakini mteremko ukishazidi nyuzi 12 hupunguzi kitu, UNAONGEZA dakika 10 kwa kila mita 300. Njia yetu ya mfano ina wastani wa karibu nyuzi 17. Kwahiyo dakika 24 zako za umbali unaongeza 20 za tahadhari, na bado hujahesabu miguu inayotetemeka.

Kuhusu kutetemeka kwa miguu naomba nikae kidogo maana wengi wakipatwa wanadhani wameumwa. Ukipanda, misuli ya mapaja inajikunja ikikusukuma juu, inachoka, moyo unadunda, unahema, unasimama unapumua inaisha. Ukishuka, ile misuli inafanya kazi ya breki, inabeba uzito wako huku inavutwa inarefuka, na kazi ya namna hiyo ndo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli. Hauhemi kwahiyo hujui kama unaumia, unaona kama unatalii tu. Maumivu yenyewe yanakuja kesho yake au kesho kutwa, siku hiyo mtu anashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume ameshika ukuta. Na kwa sababu miguu inashuka ikiwa tayari imechokeshwa na kupanda, inaanza kukosea, unakanyaga kokoto zilizolegea juu ya mwamba mgumu, mguu unakimbia mbele, makalio chini, na mkono uliotanguliza kujikinga ndo unaovunjika kifundo. Huko Grouse Grind hawaruhusu kabisa watu kushuka kwa ile njia, ukipanda umepanda, kurudi unashuka na magari yanayoning'inia kwenye waya. Manitou nao wanataka mtu apande na ngazi halafu ashukie njia nyingine ndefu yenye kona kona. Waliofanya hivyo sio wajinga, wamekaa na hizo njia miaka mingi wakaona watu wanaumia wapi.

Kwenu kwenye makala kushuka mmekupa sentensi moja, "kisha utashuka". Jamani!

Mambo ya kushuka yenyewe sio mengi kivile. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo usiyakaze kabisa, weka uzito juu ya miguu usiegemee nyuma kwa uoga, maana ukiegemea nyuma ndo soli inakosa kushika na unateleza kweli. Kaza kamba za viatu sehemu ya kwenye kifundo kabla hujaanza kushuka, usipokaza mguu unasogea mbele na vidole vinagonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua mpaka kucha zinakuwa nyeusi, na kucha ikishakuwa nyeusi mara nyingi inang'oka yenyewe baadaye. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia sana magoti, wapo wanaozicheka eti za wazee, waache wacheke. Na ukiangusha jiwe piga kelele "jiwe!" hata kama huoni mtu chini, kwenye njia ya kona kona wa chini yako yuko chini yako kabisa, wima.

Upande wa kupanda nitaenda haraka kwasababu wengi wanajua wanachotakiwa kufanya ila hawafanyi. Anza polepole mpaka uone aibu. Kipimo changu ni maneno, kama huwezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi umezidisha, punguza, sio usimame, punguza. Wale wanaokimbia dakika kumi za kwanza huwa nawakuta wamekaa kwenye jiwe la tatu au la nne wamepauka, wanasema eti hewa ya juu ni nyepesi. Kaka, hewa haina kosa. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida unaanza kuwasumbua watu kuanzia kama mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na milima mingi ya aina hii hata haifiki huko. Hapo ni ukali wa njia na kiburi tu.

Kuna jambo lingine la kupanda ambalo linavunja watu moyo kuliko uchovu wenyewe, vilele vya uongo. Unaangalia juu unaona mwisho wa mlima na anga nyuma yake, unajikamua unatumia kila ulichobakiza, unafika pale unakuta mlima unaendelea. Inatokea kwa sababu mteremko mkali umejitokeza kama tumbo, ulioko chini yake huwezi kuona nyuma ya tumbo. Dawa yake ni kujua mita. Kama unajua kilele ni mita 600 juu ya ulipoanzia na saa yako ya mkononi au simu inakwambia umepanda 380, basi kile unachokiona sio kilele, tulia, kunywa maji. Mnaona jinsi namba moja mliyoiacha ingesaidia watu?

Sasa niende kwenye kitu kinachoniudhi binafsi, kukata kona. Njia iliyotengenezwa na watu wanaojua huwa inapanda kwa zigizaga, inakwenda kushoto inarudi kulia, na wapandaji wenye haraka wanaona wanapotezewa muda, wanakata moja kwa moja kwenda juu. Wakipita kumi majani yanalala, wakipita mia majani yanakufa, mvua ikinyesha maji yanakuta mfereji umeshachongwa wima, maji hayana sababu ya kuzunguka kona, yanateremka na udongo wote na msimu unaofuata pale pana korongo na mawe matupu. Zigizaga sio urembo, ndo inayofanya mteremko upungue mpaka mguu wa binadamu uuweze na maji yasipate kasi. Njia nyingi ambazo leo tunaziita kali hazikuzaliwa hivyo, zilikatwa kona na watu mpaka zikawa hivyo, halafu mwandishi anakuja anasifia "njia ya mkato ya wenyeji". Naomba msisifie hiyo.

Hali ya hewa. Joto linashuka wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwahiyo kwenye mlima wetu wa mita 600 juu pana baridi kuliko chini kwa kama nyuzi 4, mtu atasema nyuzi 4 ni nini. Weka upepo ambao chini haukuwepo, weka fulana iliyoloa jasho mgongoni, halafu kaa dakika ishirini unasubiri zamu ya kupiga picha, utaniambia ni nini. Koti jepesi la upepo linakunjwa linaingia kwenye mfuko mdogo, uzito wake hausikii. Radi ndo mbaya zaidi. Mchana jua likishachemsha miteremko hewa inapanda, mawingu yanajijenga juu ya milima kuanzia saa sita saba huko, na kileleni wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote vilivyopo. Sauti inachukua kama sekunde 3 kwenda kilomita moja, ukiona mwanga ukahesabu ngurumo ikakufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na unatakiwa uwe umeshaanza kushuka, sio uanze kutafuta angle nzuri ya kupiga picha wingu. Ndo maana watu wanaozijua njia hizi wanaondoka alfajiri, wenyewe wanasema ni kwa ajili ya macheo lakini nusu ya sababu ni hiyo, na nusu nyingine ni foleni.

Foleni ndio. Hizi njia fupi zina sifa hiyo moja inayoziua, kila mtu anaziweza kwa muda alionao, basi wote tunakutana huko. Angels Landing ya hifadhi ya Zion kule Utah, Marekani, ambapo sehemu ya mwisho unatembea juu ya mgongo mwembamba wa mwamba umeshika mnyororo na pande zote mbili ni shimo, ilijaa watu mpaka kuanzia Aprili 2022 ukitaka kupita ile sehemu ya minyororo lazima uwe na kibali, na kibali kinapatikana kwa bahati nasibu. Watu walilalamika, mimi naona walifanya la maana. Kwenye mnyororo anayepanda na anayeshuka hawawezi kupishana bila mmoja kuachia, na anayeachia ndo anayeanguka. Lion's Head ya Cape Town, mita 669, ni mfupi kabisa ukiulinganisha na Table Mountain uliopo jirani, lakini karibu na juu kuna minyororo na ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba, na wenyewe wameweka pia njia ya kuzunguka kwa asiyetaka kupita kwenye minyororo. Nachokiona sehemu kama hizo ni kwamba watu wanaona aibu kuzunguka. Mtu mikono inatetemeka, uso umebadilika, ila marafiki wapo nyuma na simu zinarekodi, anapanda hivyohivyo. Kuzunguka sio kushindwa, mandhari ya juu ni yaleyale na hakuna anayekuuliza umepita wapi.

Na hapo ndo nilipotaka mwandishi wenu aguse hata kidogo, habari ya kugeuka. Njia ndefu ina huruma, ikikushinda unajua mapema, unageuka kilomita ya tano kati ya ishirini na hakuna anayeshangaa. Njia fupi inakudanganya kuwa umebakiza kidogo muda wote. "Si hapo tu, naiona." Mtu haoni sababu ya kugeuka akiwa amebakiza mita mia mbili, hata kama jua linazama, hata kama mtoto analia, hata kama maji yaliisha nusu saa iliyopita. Kwahiyo saa ya kugeuka inatakiwa ipangwe chini kabla ya kuanza, mkiwa na akili zenu, na aliyechoka kuliko wote ndo awe na haki ya kuikumbusha. Saa ikifika mnageuka hata kama kilele mnakigusa. Simu pia ziwe na chaji ya kutosha, na tochi muwe nayo hata mkiondoka asubuhi, maana taa ya simu kwenye mteremko inakunyima mkono mmoja na huo mkono utauhitaji.

Sijaandika haya ili watu waogope. Nazipenda njia hizi kuliko zile za siku tatu nne na mahema, kwasababu hazikuombi likizo, unapewa kila kitu cha mlima, jasho, hofu kidogo, upepo, ile dakika unayotoka kwenye vichaka ghafla dunia inafunguka chini yako mpaka unasahau ulikuwa unamlaani nani aliyekushawishi, na vyote hivyo kabla ya mchana. Na mtu aliyeandaliwa vizuri anarudi tena wikendi inayofuata, aliyedanganywa kilomita mbili tu anauza raba.

Ninachoomba ni kidogo sana Mhariri, nafikiri kinaingia kwenye mstari mmoja chini ya kichwa cha habari. Kila mkiandika njia ya mlima wekeni mita za kupanda kutoka mwanzo mpaka kileleni, wekeni muda wa kupanda na muda wa kushuka mbalimbali na msivijumlishe, semeni chini kukoje, ni udongo au kokoto au mwamba mtupu, na kama kuna sehemu ya kushika mwamba kwa mikono au mnyororo isemwe wazi na isemwe kama kuna pa kuzunguka. Mita za kupanda ziko kwenye ramani yoyote yenye mistari ya kimo, mwandishi wenu atazipata kwa dakika mbili bila hata kutoka ofisini, ingawa ningependa atoke, apande, halafu aandike sehemu ya kushuka siku mbili baadaye akiwa bado anashikilia meza kusimama.

Na ile picha kubwa mliyoweka, ya kijana amekaa kwenye ukingo wa mwamba miguu inaning'inia hewani, naomba msiirudie. Kwa wanaojua, ule mwamba una ufa nyuma ya alipokaa, unaonekana hata kwenye karatasi ya gazeti.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpanda vilima